Kumchagulia Mama Miwani ya Droni

Nianze kwa kukiri kosa. Miwani ya kwanza ya droni niliyomnunulia mama yangu niliichagua mwenyewe, kwa ujuaji wangu, na sikumshirikisha yeye aliyekuwa aivae. Kazi yangu ni kupiga video hapa Karatu: harusi, kipaimara, mahafali, na siku hizi hata mazishi watu wanataka yapigwe. Nina droni ya kamera, nina kibali chake, na nina mdomo. Ukinikuta pale kwenye chai naeleza habari za droni, utadhani niliiunda mimi. Kwa hiyo Mama aliponiambia haja yake, sikumuuliza mtu yeyote ushauri. Niliona ni jambo la saizi yangu.

Tulikuwa tunatoka Arusha kwa daktari wa macho. Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilizima miaka mingi iliyopita, na la kushoto lilikuwa limebaki na tundu katikati, pembeni kote giza. Kunja ngumi, uache uwazi mdogo, kisha uchungulie. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaona. Na hata kwenye hilo tundu, kitu cha mbali kilikuwa ukungu mtupu. Cha karibu ndicho alichokiona sawasawa, tena mpaka avae miwani yake mizito. Daktari hakumficha. Alimwambia kwa upole kwamba dawa ya matone inachelewesha tu, hairudishi kilichokwenda, na kwamba hicho kilichobaki huenda kisimalize mwaka. Mama akamshukuru, akajifunga kitenge vizuri, akasema twende. Mimi ndiye niliyepapasa mifuko yote mitatu nikitafuta ufunguo wa gari niliokuwa nimeushika mkononi.

Tulipopanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, tukakuta magari ya watalii yamejipanga pale wanaposimama kupiga picha ziwa. Mama akasikia kelele zao, akauliza wanaangalia nini. Nikamwambia wanaangalia ziwa.

"Waangalie," akasema. Tulipoanza kuuona udongo mwekundu wa kwetu, akaongeza: "Mwanangu, mimi ziwa sina shida nalo. Ninataka niione nyumba ya baba yangu kabla hili halijazima. Mara moja tu. Nikishaiona, basi, lizime."

Aliongea kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nikajifanya nahangaika na gia.

Nyumba ya babu iko upande wa juu, chini ya msitu wa Ngorongoro, ng'ambo ya korongo. Yeye alihamia huko kutoka Mbulu akiwa kijana, na alijenga kama baba zake walivyojenga: alichimba ubavu wa mlima, akaiingiza nyumba ndani ya mlima, akaweka boriti, juu yake fito, juu yake udongo, na juu ya udongo nyasi zikaota zenyewe. Ukuta ulioonekana kwa nje ulikuwa mmoja tu, wenye mlango. Ng'ombe walilala upande wa kulia na watu upande wa kushoto, na joto lao lilitutosha sote. Nilikuwa napelekwa huko likizo nikiwa mdogo. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi na maziwa ya kwenye kibuyu, huwa nasimama kidogo popote nilipo. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni unaingia mpaka mlangoni, na bibi alikuwa anaufukuza kwa upande wa khanga, eti unamharibia moto. Sisi watoto tulicheka sana. Nani leo ananifukuzia ukungu? Bibi alipofariki nyumba ikaachwa, watu wote walikuwa wameshasogea barabarani, na mimi nilikuwa darasa la tatu.

Mama anakaa Qurus, kwenye nyumba ya bati niliyomjengea na ambayo hajawahi kuisifia. Kumpeleka kwa babu kwa miguu haiwezekani, magoti yake yamegoma. Gari linaishia barabarani. Kutoka hapo ni kushuka korongo na kupanda tena. Tulishajaribu. Nilimsimamisha pale barabara inapokwisha, nikamgeuza bega, nikamwambia ni kule, mbele yako kabisa. Akachungulia kwa tundu lake muda mrefu. "Naona ukungu," akasema, na siku hiyo hapakuwa na ukungu hata wa dawa.

Nikamwambia basi nitakwenda mwenyewe na droni, nirekodi, nikuletee uone kwenye televisheni.

"Kuonyeshwa sitaki," akanijibu. "Nikitaka kuonyeshwa si ungenisimulia tu? Ninataka kwenda."

Hapo ndipo akili ikanijia. Kuna miwani ya droni. Unaivaa, inakufunika macho yote, na unachokiona ni kile kile kamera inachokiona wakati huo huo ikiwa angani. Unasema pita kushoto, na kushoto kunakuja. Anayeivaa haangalii video, anakwenda. Nilipomweleza, Mama aliuliza swali moja tu: kama ukivaa utasikia kizunguzungu. Nikamwambia wengine husikia. Akasema yeye amepanda lori la ngano kutoka Karatu mpaka Arusha akiwa na mimba yangu, hicho kizunguzungu kije tu.

Nikaenda Arusha peke yangu. Duka lenyewe ni dogo, linauza kamera na vifaa vyake, na mwenyewe ni mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya taratibu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Akaniwekea mezani aina mbili tatu. Kabla sijashika hata moja, akauliza, "Atakayevaa ni nani?"

Nikajibu, "Mimi."

Sijui hata leo kwa nini nilidanganya. Au najua. Niliona aibu. Niliona nikisema ni kwa ajili ya bibi kizee wa miaka sabini na kitu, anayechungulia kwa tundu, watacheka, au mbaya zaidi, watanionea huruma. Sipendi kuonewa huruma dukani. Kwa hiyo nikawa mimi, fundi wa droni wa Karatu, na mazungumzo yakaenda kifundi.

"Unavaa miwani ya macho?"

"Mimi? Naona mpaka mchwa akiwa ng'ambo ya barabara."

"Haya," akasema, akasogeza ile nyembamba. Ilikuwa nzuri, jamani, sina la kuficha. Nyepesi, inakaa usoni kama imepimwa, ina vioo viwili, kila jicho na chake, na gurudumu dogo la kuvisogeza vikae sawa na macho yako. Haikuwa hata na waya, inaongea yenyewe na droni kama yangu. Nikaivaa. Loh! Picha ilikuwa pana, imenimeza kutoka sikio hadi sikio, yaani umekaa sinema mstari wa mbele. Nikageuza kichwa kama mjinga. Yule mama akanionyesha na nyingine ya chini, lisanduku jeusi lenye kioo kimoja ndani na picha ndogo, kama unaangalia televisheni ya jirani kupitia dirishani. Nikalisukuma pembeni kwa kidole. Nani anunue lile?

Nilirudi Karatu naimba.

Siku ya pili nikaenda Qurus. Nikamkalisha Mama uani chini ya mgomba, nikarusha droni juu kidogo, nikamwambia avae. Shida ya kwanza: miwani yake ya macho haikuingia. Ile nyembamba imetengenezwa ibane uso, haina nafasi ya miwani nyingine. Nikamwambia avue ile yake. Akavua. Nikamvisha.

"Unaona nini?"

"Naona kijani."

"Kijani cha nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Ni kijani."

Nikaangalia kwenye rimoti yangu. Ilikuwa inaonekana nyumba, uani, banda la kuku, shamba la mahindi la jirani, na mbele kabisa jani la mgomba. Mambo yote hayo yalikuwepo, na yeye ameona jani. Nikaisogeza droni nyuma. Akasema sasa ni nyekundu. Nikageuza. Akasema ni nyeupe, au ni mawingu? Nikakaza lile gurudumu, nikalegeza, nikamwambia ageuze jicho, atafute.

"Nitafute nini?"

"Nyumba yako, Mama! Hiyo hapo! Nyumba nzima hiyo! Wewe huangalii vizuri!"

Nilimfokea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, watu wangu wanajua, lakini kumfokea mama yangu eti hajui kuangalia, yeye ambaye anaangalia kwa kilichobaki, hilo silisahau. Akaivua miwani polepole, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akanipa, kisha akainuka akishika ukuta, akaenda kuchuma mboga. Nilimwona akiyahesabu mashina kwa vidole. Nilikaa pale chini ya mgomba na lile dude la kisasa mapajani, nikatamani kulitupa chooni.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimeshajua kosa langu liko wapi. Picha ilikuwa pana. Mimi niliipenda kwa sababu ilinijaa macho yote mawili. Lakini mtu mwenye tundu, ukimpa picha pana, unampa kitu kikubwa ambacho kipande chake kimoja tu ndicho kinachoenea kwenye tundu. Nyumba nzima iko mbele yake, na yeye anaona jani. Na bila miwani yake ya macho hata hilo jani ni rangi tu. Nilikuwa nimenunua macho yangu mwenyewe, nikamvisha.

Nikarudi Qurus, nikasimama mlangoni. "Mama, nisamehe. Twende wote dukani, ukachague mwenyewe."

"Sasa ndiyo unaongea," akasema, na alikuwa ameshavaa viatu. Sijui aliambiwa na nani kama ninakuja.

Yule mama wa dukani alituona tukiingia, akaangalia mkono wangu ulivyomshika Mama kiwiko, akaangalia miwani mizito ya Mama, kisha akaniangalia mimi. Hakupandisha sauti.

"Kaka, siku ile nilikuuliza nani atavaa."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mchwa."

Nikakosa pa kuweka uso. Mama akauliza mchwa wa nini, na yule mama akasema, hakuna, mama yangu, karibu ukae. Akamwamkia vizuri, shikamoo ya kuinama, akamwuliza magoti, akamwuliza mvua za Karatu, na wakati huo huo anamwangalia jicho. Akanyoosha kidole, akakisogeza taratibu kutoka pembeni, akamwambia aseme akikiona. Mama akakaa, akakaa, mpaka kidole kilipofika karibu na pua ndipo akasema, "Hicho hapo." Basi, yule mama akainama, akatoa lile lisanduku jeusi nililolisukuma kwa kidole.

"Huyu mvulana wako alilidharau," akamwambia Mama.

"Ana dharau tangu mdogo," Mama akasema. "Na chakula alikuwa anadharau hivyo hivyo."

Wakacheka wawili. Nikawaacha wacheke.

Lisanduku lilikuwa na mdomo mkubwa, miwani ya Mama ikaingia ndani bila kugusa popote. Lina waya, unauchomeka kwenye rimoti. Ni zito, na mkanda wake unapita juu ya kichwa, ikabidi kilemba kivuliwe, na nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake. Yule mama akauchomeka waya kwenye kamera ndogo iliyokuwa mlangoni inaangalia barabara. Kisha akafanya kitu ambacho mimi, fundi, nisingekiwaza: akaingia kwenye mipangilio, akaipunguza ile picha. Ilikuwa ndogo tayari, akaifanya ndogo zaidi, ikabaki kama kadi katikati ya giza.

"Wengine wakija hapa wanataka picha kubwa," aliniambia. "Mama yako anataka inayoenea."

Vidole vya Mama vilikuwa vinasugua ukingo wa meza.

"Kuna mtu anauza viatu," akasema. "Amevipanga chini. Amekaa kwenye ndoo. Anakula hindi." Akasogea mbele kidogo. "Anakula huku anaongea. Mh! Atapaliwa."

Nilitoka mlangoni nikaangalia. Muuza viatu yupo, ndoo ipo, hindi lipo. Nikakaa nje kidogo nikijifanya napokea simu.

Tulikubaliana kubadilisha, na Mama akamwombea yule mama baraka ndefu kwa Kiiraqw, lugha yetu, ambayo hakuelewa hata neno, lakini aliinamisha kichwa mpaka ikaisha.

Tulichagua siku ya kwenda kwa kuangalia mawingu. Kule juu asubuhi mapema ukungu umeshika, na mchana upepo unakuwa mkorofi. Saa nne ndiyo saa yenyewe. Nilipaki barabara inapokwisha, nikamshusha Mama, nikamwekea kiti cha plastiki pembeni ya gari. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nikamvisha lisanduku, nikachomeka waya. Ulikuwa mfupi, kwa hiyo nikasimama bega lake likigusa nyonga yangu, rimoti mkononi.

"Tunakwenda," nikasema.

"Nenda."

Nikairusha. Nikaipandisha, juu, juu zaidi, kama ninavyofanya kwenye harusi, kwa sababu kwangu mimi kuona ni kupanda juu. Korongo likawa mstari. Mashamba yakawa viraka. Msitu ukaja mbele, kijani kizito, nikapunguza mwendo.

"Pita juu ya msitu," Mama akasema. "Tulikuwa tunakata kuni humo."

"Humo hapana, Mama. Ni hifadhi. Droni hairuhusiwi."

"Hata mimi siku hizi siruhusiwi," akasema. "Haya, rudi kwetu."

Nikarudi upande wetu, nikaanza kuitafuta nyumba. Sikuiona. Nikaenda kulia, nikarudi kushoto. Niliona nyasi, mawe, mgunga mmoja, nyasi tena. Nikapanda juu zaidi nipate kuona eneo zima. Bado. Betri ilikuwa inashuka, namba ninaziona, na kichwani mwangu nikaanza kuandaa maneno. Miaka arobaini, nilijiambia. Mvua zote hizo. Boriti za mti zitakaaje?

"Mama," nikasema. "Nadhani nyumba imekwisha. Hakuna kitu."

"Uko wapi?"

"Juu yake kabisa. Juu ya ule mlima."

"Juu!" Alipiga goti lake kwa kiganja. "Juu unatafuta nini? Wewe mtoto, umelala ndani ya nyumba ile na hujui ilivyo? Babu yako aliichimba ili mtu akisimama juu asiione! Wezi wa ng'ombe walikuwa wanasimama wapi? Si juu? Wanaangalia bonde lote, wanaona nyasi, wanaondoka. Kuna siku walipita juu ya paa letu, na sisi tuko chini tunasikia miguu yao, mama amemziba ndama mdomo. Na wewe umekwenda kusimama pale pale!"

Nilicheza juu ya lile paa mimi! Tulikuwa tunakimbia juu yake tukifukuzana, bibi anatoka chini anatugombeza kwamba udongo unadondoka kwenye uji. Ninarusha kamera ya bei mbaya kumtafuta babu yangu, na ninamtafuta kwa njia ya wezi.

"Shuka," Mama akasema. "Shuka chini kabisa, korongoni, kwenye maji. Tutaingia na ng'ombe."

Nikashuka. Nikaiweka droni kimo cha mgongo wa ng'ombe, kama alivyosema, na kuanzia hapo sikurusha mimi. Nilikuwa mikono tu. "Fuata maji. Kuna jiwe jeupe." Lilikuwepo. "Kulia. Polepole, kuna ndama nyuma. Sasa panda." Njia ya ng'ombe ilikuwa imekaribia kufutika, lakini ukiwa chini kiasi kile unaiona ilivyokatwa kwenye udongo kwa kwato za miaka mingi. Nikapanda nayo. Na Mama akaanza kupiga mluzi. Ni ule mluzi mdogo wa kupitia meno, unaokatika katika, wa kuwaambia ng'ombe wasikimbie, tumefika. Sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mtoto. Sikujua kwamba bado anao.

"Kunja kushoto," akasema.

Nikakunja, na mlango ukawa mbele yetu.

Ulikuwa pale, mweusi, ndani ya mlima. Ukuta wa mbele umemomonyoka pembeni lakini mlango umesimama na kizingiti chake cha mti. Paa la upande wa kushoto limeshikilia, nyasi juu yake ndefu. Upande wa kulia limeporomoka lote, limekuwa shimo lenye majani mabichi, na ndani ya shimo amesimama ng'ombe wa mtu, dume jekundu, anakula. Akainua kichwa akaiangalia droni, masikio mbele, anatafuna.

"Ala!" Mama akasema. "Wa nani huyu?" Akarusha mkono hewani. "Shuu! Toka! Toka kwa watu!"

Ng'ombe hakujali. Mama akashusha mkono. Nikamwona mdomo wake chini ya lile sanduku unatetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Upande wa kulia," akasema. "Amesimama upande wa ng'ombe. Angalau yeye anajua palipo pake."

Akaniambia nisogee mlangoni. Nikasogea mpaka niliposhindwa kuthubutu zaidi. Ndani kulikuwa giza, na mwanga kidogo kutoka kwenye lile shimo ulikuwa umeangukia sakafu. Mama akaanza kutaja, kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, na hakuwa ananitajia mimi. Moto ulikuwa hapa. Kibuyu kilining'inia hapa. Mama alilala hapa, na mimi ukutani, kwa sababu nilikuwa nasikia baridi. Alimaliza chumba chote. Sikumharakisha. Rimoti ilianza kulia kwamba betri imebaki ya kurudia tu, nikaibana kwenye tumbo ili isimsumbue, kisha ikalia tena.

"Mama, ni lazima irudi."

Akavuta pumzi. "Haya. Toka kinyumenyume. Usiwape mgongo."

Nikatoka kinyumenyume, kama unavyotoka mbele ya wazee, mpaka mlango ukawa mdogo, kisha nikaigeuza. Nikaivusha korongo, nikaileta barabarani, nikamwambia sasa unaweza kuvua, imekwisha. Hakuvua. Droni ilikuwa imefika mbele yetu, hatua kama kumi, inashuka taratibu kwa ajili ya kutua, kamera ikitutazama.

"Kuna watu," Mama akasema. "Kuna mwanamke mzee amekaa kwenye kiti, ana sanduku usoni." Akashika upindo wa gauni lake. "Gauni langu hilo."

"Ndiyo, Mama. Ni wewe."

"Nimekuwa mdogo hivyo?" Halafu akauliza, "Na yule mwanaume aliyesimama?"

"Ni mimi."

Nilisogeza kidole kwenye rimoti niitue. Akanishika mkono.

"Isimamishe."

"Mama, betri..."

"Nimesema isimamishe."

Nikaisimamisha. Rimoti ilikuwa inapiga kelele kama kifaranga. Mama alikaa wima, mikono mapajani, anachungulia ndani ya lile sanduku, na mimi nimesimama pembeni yake, sijui niangalie wapi. Nikaiangalia kamera.

"Miaka miwili hii nakuona vipande," akasema. "Ukija, naona pua. Nikisogeza, naona sikio. Siku nyingine nakaa na kifungo cha shati lako mpaka unaondoka. Leo umeenea wote. Mpaka viatu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Una mvi, kumbe. Hukuniambia. Na umesimama kama baba yangu, umelalia mguu mmoja."

Nilijifuta uso kwa mkono wa shati, haraka.

"Sasa mbona unalia?"

"Silii, Mama."

"Usinidanganye," akasema. "Nakuona."